Kufungua kasha la My Book ya zamani bila kulivunja

katibu_wa_kwaya (Njombe)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na diski za nje za zamani, zile kubwa zinazosimama wima na zenye adapta ya ukutani.

Kwaya yetu ya usharika ilirekodi albamu mwaka 2010. Studio ilishafungwa zamani, ila aliyeturekodi alikuwa muungwana, alitukabidhi kazi nzima kwenye diski ya nje ya Western Digital (WD), My Book Essential ya terabaiti 1. Si nyimbo zilizokamilika tu. Kila sauti ina faili lake: soprano peke yao, alto peke yao, tena, besi, kinanda, hadi makofi. Sasa tumepata kijana wa kuzichanganya upya, maana kwenye albamu ile besi tumezikwa kabisa. Mimi ni besi, kwa hiyo nielewe­ni. Halafu dada aliyetuongozea wimbo wa tatu ametwaliwa, na sauti yake ikiwa peke yake haipo mahali pengine popote.

Tatizo ni tundu la USB kwa nyuma. Mtoto alijikwaa kwenye waya wakati wa mazoezi. Diski haikuanguka, lakini waya ulivutwa kiubavu, na tangu siku hiyo tundu linacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Ukichomeka umeme taa inawaka, na diski unaisikia inazunguka vizuri bila mlio wa ajabu. Kompyuta ama haioni kitu, ama inaona kwa sekunde chache kisha inapotea.

Nimeligeuza kasha kila upande, sioni skrubu hata moja. Na kulivunja siwezi. Ni mali ya usharika, lina namba ubavuni kwa rangi nyeupe, na kila Januari kamati ya mali inapita na daftari. Mwaka jana walitumia karibu kikao kizima kuuliza stendi ya kusomea noti ilivunjikaje mguu. Kwa hiyo kasha lazima lirudi kabatini likiwa zima kwa macho. Ndani hawaangalii.

Vifaa nilivyo navyo: bisibisi za kawaida, kisu cha siagi na woga.

Chuma_Chakavu (Dar es Salaam)

Mkuu unajitesa bure. Humo ndani ni diski ya kawaida ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski ndani ya kompyuta), inchi 3.5, ile ile ya kompyuta ya mezani. Ingiza bisibisi bapa kwenye ufa, kandamiza mpaka lipasuke, toa diski, chomeka kwenye PC, nakili vitu vyako, kazi imeisha. Nimefungua nyingi sana hivyo. Kasha ni plastiki tu, waambie hao wazee limepasuka kwa baridi ya huko kwenu.

mzee_wa_solda (Dar es Salaam)

Katibu, weka hicho kisu mezani kwanza. Chuma, na wewe tulia, nitafika kwako.

Swali moja tu. Zamani ilipokuwa nzima, ukiichomeka ilikuwa inatokea diski moja, au pamoja nayo kulikuwa kunatokea kitu mfano wa CD kimeandikwa WD SmartWare?

katibu_wa_kwaya

Shikamoo mzee. Hiyo CD ilikuwepo, tena ilikuwa inajifungua yenyewe kila mara na kututaka tuweke programu. Hatukuwahi kuiweka. Nywila nayo hatukuweka.

mzee_wa_solda

Marahaba. Basi hiyo siyo ya kutoa diski na kukimbilia PC.

Ndani ya kasha kuna vitu viwili: diski yenyewe, na bodi ndogo inayobadilisha SATA kuwa USB. Watu wanaidharau hiyo bodi kwa sababu ya udogo wake. Kwenye My Book za kizazi cha SmartWare, kilichoanza mwaka 2009, bodi nyingi zina chipu inayosimba data yote, yaani kuigeuza isisomeke bila ufunguo, kwa mbinu iitwayo AES, kabla haijafika kwenye diski. Haijali kama uliweka nywila au hukuweka. Nywila ni komeo la ziada tu, usimbaji unafanyika toka siku ya kwanza kimyakimya. Ukiitoa diski ukaichomeka moja kwa moja kwenye PC, itaonekana, tena na ukubwa wake utaonekana, GB 931 kama Windows inavyoihesabu terabaiti 1. Lakini kilichomo hakisomeki, na Windows itakuuliza kama uifomati. Hapo ndipo mtu anabonyeza ndiyo, halafu ananiletea mimi.

Ufunguo wa usimbaji nao uko kwenye diski, sehemu iliyofichwa ambayo kompyuta haionyeshwi kupitia USB, na chipu ya aina ile ndiyo inayojua kuusoma. Kwa maana hiyo bodi yako ni nusu ya nyimbo zako. Sasa fikiria bisibisi bapa ya Chuma ikiteleza: bodi imekaa upande ule ule wa nyuma anaotaka kuukandamiza.

Habari njema ni kwamba dalili zako zote zinaelekeza kwenye tundu. Taa inawaka, diski inazunguka, kompyuta inaiona kisha inaipoteza. Sioni sababu ya kuigusa diski. Unatoa bodi, tundu linalehemiwa, bodi inarudi, kasha linafungwa. Hata kama kamati ya mali isingekuwepo, ningekushauri ulifungue bila kulivunja.

Kufungua sasa. Chomoa umeme na usiiinamishe mpaka diski itulie kabisa, nusu dakika hivi. Njombe asubuhi ni baridi, na plastiki ya zaidi ya miaka kumi ikipoa inakatika badala ya kupinda. Kwa hiyo usifungue asubuhi. Iweke dirishani penye jua la mchana mpaka ganda liwe na uvuguvugu mkononi, lisiwe la moto. Draya ya saluni nayo inafaa ukiiweka moto mdogo na kuipitisha bila kuituliza mahali pamoja.

Kasha lina vipande viwili. Kuna ganda la nje, lile jeusi lenye matundu ya hewa (kwenye My Book za mwanzo yale matundu marefu na mafupi yalikuwa herufi za Morse, kama kuna aliyewahi kujiuliza), na kuna fremu ya ndani iliyobeba diski. Uso wa nyuma wenye tundu la USB na la umeme ni sehemu ya fremu. Fremu inaingia ndani ya ganda kwa kuteleza, na inashikwa na vishikizi vya plastiki, kwa kawaida viwili kila upande, karibu na ukingo wa nyuma. Huoni skrubu kwa sababu hazipo.

Tafuta kadi ya benki iliyokwisha muda, ikate kwa mkasi vipande vinne. Kadi ina unene wa milimita 0.76, inaingia kwenye ufa na haijeruhi. Ipitishe taratibu ukingoni. Inapogoma, hapo pana kishikizi. Isukume ndani moja kwa moja mpaka kishikizi kikubali, KISHA IACHE HAPO HAPO, nenda cha pili na kadi nyingine. Wengi wanafungua kishikizi kimoja, wanachomoa kadi, kinajifunga tena nyuma yao, halafu wanaongeza nguvu. Vyote vikishakuwa na kadi zake, vuta fremu kuelekea nyuma. Itasogea kidogo kwa kigugumizi, halafu itateleza. Isiposogea, kuna kishikizi hujakipata. Rudi ukitafute, usivute.

Kisu cha siagi kitakuachia alama za kung'ata ukingoni, na kamati yako itaziona tokea mlangoni. Hapana chuma kabisa katika hatua hii.

dada_wa_pengwini (Arusha)

Nikazie alichosema mzee, kwa wale wanaodhani anatisha watu. Mwaka 2015 Gunnar Alendal, Christian Kison na mwenzao anayejiita modg walichapisha uchunguzi wa My Passport na My Book zinazojisimba zenyewe. Walifungua chipu moja baada ya nyingine: JMicron, Symwave, Initio na nyinginezo. Walikuta udhaifu mkubwa kwenye usalama wake, na ni udhaifu huo huo uliosaidia watu wenye bodi zilizokufa. Kuna programu huria inaitwa reallymine inayoweza kusimbua baadhi ya diski hizo bila bodi yake. Katibu, hiyo ni ya siku bodi ikishindikana kabisa. Usianzie huko.

Na ukifanikiwa kufungua, piga picha kabla ya kugusa kila kitu. Simu yako ndiyo daftari lako.

Chuma_Chakavu

Mnanisema kama nimeua mtu. Mbona mimi nilizofungua zote zilisoma vizuri kwenye PC?

mzee_wa_solda

Zilisoma kwa sababu hazikuwa za aina hii, na hapo sikupingi. My Book za kabla ya SmartWare, na makasha mengi tu ya chapa nyingine, bodi yake inapitisha data kama ilivyo. Diski ukiitoa inasoma popote. Za zamani zaidi, za miaka ya mwanzo ya 2000, ndani utakuta IDE, kiunganishi cha kabla ya SATA, chenye pini 40, na hapo shida ni kupata kompyuta yenye kuchomeka.

Ila kuna na mtego mwingine ambao hauhusiani na usimbaji. Makasha ya TB 3 na kuendelea ya enzi za Windows XP, bodi ilikuwa inaidanganya kompyuta kuwa kila sekta (kipande kidogo cha kuhifadhia data) ina baiti 4096 badala ya 512, ili XP iweze kuvuka ukomo wa TB 2. Ukiitoa diski hiyo ukaichomeka PC, hesabu ya sekta inabadilika na mgawanyo wa diski haueleweki tena. Data ipo nzima kabisa, lakini Windows itakwambia diski ni tupu. Irudishe kwenye bodi yake, inasoma. Sasa mtu asiyejua atakuwa ameshaifomati.

Ndiyo maana nikiletewa kasha lolote siulizi bei ya plastiki. Naihifadhi bodi mpaka data yote iko mahali pengine, halafu ndiyo kasha litupwe.

Chuma_Chakavu

Sawa mzee, nimekuelewa. Sasa nisaidie na langu basi. Nilitoa diski mpya ya TB 8 kwenye kasha, nikaichomeka PC haizunguki kabisa. Kwenye kasha lake inazunguka.

mzee_wa_solda

Pini ya tatu ya plagi ya umeme ya SATA. Kwenye diski kubwa za siku hizi, volti 3.3 ikifika kwenye pini hiyo diski inaambiwa ilale. Pawasaplai yako inaipelekea. Ziba pini hiyo kwa kipande cha utepe wa Kapton, usiopitisha umeme, au tumia kiunganishi kinachotoka kwenye plagi ya Molex, ile ya umeme ya zamani yenye pini nne, maana Molex haina 3.3. Diski ya katibu ni ya zamani, haina mambo hayo.

nahodha_mstaafu (Mombasa)

Naomba kudandia hapa hapa. Mimi nina My Passport, ile ndogo ya mfukoni, tundu lake limeota kutu. Hewa ya huku ina chumvi, mnajua. Nayo nifungue kwa kadi nitoe SATA yake?

mzee_wa_solda

Nahodha, hiyo usifungue kwa matumaini hayo. Kwenye nyingi za My Passport hakuna SATA ndani. Tundu la USB limelehemiwa kwenye bodi ya diski yenyewe, ile iliyofungwa mgongoni mwa diski. Utafungua kasha, utakuta tundu lile lile, na umepoteza kinga.

Kama ni kutu tu, anza na alkoholi ya isopropili na mswaki laini, diski ikiwa haina umeme, uache ikauke vizuri. Badilisha na waya, maana kutu ikiota kwenye tundu imeota na kwenye plagi. Isiposaidia, tundu libadilishwe na mtu mwenye mkono mtulivu kweli kweli, kwa sababu safari hii kazi inafanyika juu ya diski yenyewe.

Na kwa wote: tunazungumzia KASHA. Boksi la chuma la diski lenyewe halifunguliwi na mtu yeyote nyumbani. Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nanomita chache, chembe moja ya vumbi la kawaida ni mlima pale. Video za watu wanaofungua na kuonyesha sahani zinavyong'aa ni za diski zilizokwisha kufa.

nahodha_mstaafu

Shukran sana. Nitaanza na mswaki.

katibu_wa_kwaya

Wakuu, limefunguka, na kasha halina mkwaruzo.

Niliiacha dirishani mpaka saa nane mchana. Kishikizi cha kwanza kilinipa taabu kwa sababu nilikuwa naiingiza kadi kwa mshazari. Nilipoinyoosha wima kilikubali kwa sauti ya "tak" iliyonifanya niache kila kitu nikatembee uani. Vilivyobaki havikusumbua. Fremu ilitoka kama mzee alivyosema, kwa kigugumizi kwanza.

Ndani: diski haikufungwa kwa skrubu kwenye fremu. Imening'inizwa kwa mipira minne midogo, na kila mpira una skrubu fupi iliyoingia ubavuni mwa diski. Mpira mmoja umekuwa mlaini na unanata vidoleni. Bodi iko nyuma, ina utepe wa karatasi ya fedha juu yake, na kuna kipande cha plastiki angavu kinachopeleka mwanga wa taa mbele. Kuna pia mende mkavu, sijui aliingilia wapi.

Tundu la USB limesimama upande. Miguu miwili mikubwa ya pembeni imeachia bodi. Vile vipini vidogo vya nyuma naona kama bado vimeshika, lakini macho yangu si ya kuaminika. Nitoe bodi? Na je, nivue sweta? Mwanangu anasema sweta lina umeme.

mzee_wa_solda

Mwanao ana akili. Sweta la sufu kwenye hewa kavu ya Njombe linatoa cheche zinazoweza kuua chipu bila wewe kuhisi chochote. Vua, shika bomba la maji la chuma au kitasa cha dirisha cha chuma, ndipo ushike bodi, na uishike kwenye kingo.

Ubandue ule utepe wa fedha polepole, utarudi mahali pake. Bodi itakuwa na skrubu moja au mbili za nyota. Zikitoka, usiinyanyue bodi kwenda juu. Imechomekwa kwenye SATA ya diski, na plastiki ya SATA ni nyembamba, ukiinyanyua inakatika kipande chenye umbo la L na hapo tutakuwa na mazungumzo mengine. Isogeze kwa mlalo, ikiambaa na diski, mpaka ichomoke.

Ulichoona ni dalili nzuri. Miguu mikubwa kazi yake ni kushikilia tu, vipini vidogo ndivyo vinavyopitisha data. Kama njia za shaba chini yake hazijabanduka, ni kazi fupi.

Peleka BODI TU kwa fundi. Diski ibaki nyumbani, ifunge kwa kitambaa, iwe mbali na watoto. Na usiende kwa fundi redio, nenda kwa fundi simu. Fundi simu anabadilisha matundu ya chaji kutwa nzima, ana fluksi (dawa ya kusaidia solda ishike), ana ncha nyembamba, ana kioo cha kukuza. Mwambie maneno haya: alehemu miguu ya pembeni kwanza ili tundu likae sawa, halafu apitishe fluksi na kurudia vipini vyote. Bunduki ya hewa moto asiitumie kama si lazima, kuna plastiki na chipu jirani. Na akikwambia ana bodi nyingine "kama hii", mshukuru na uondoke na yako.

Mchukulie na waya wako, ajaribu kuuchomeka palepale. Tundu lisicheze hata kidogo.

dada_wa_pengwini

Nyongeza ndogo kuhusu adapta, kwa sababu naona watu wa huku wakifanya hivi: My Book inatumia volti 12, na plagi ya adapta za ving'amuzi vingi inaingia bila shida. Lakini diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12 kwa sekunde kadhaa. Adapta ya king'amuzi ya ampea 1 itaishia njiani. Diski itaanza, itakata, itaanza tena, na utadhani imekufa. Soma kibandiko cha adapta. Ya laptopu yenye volti 19 usiisogeze kabisa.

katibu_wa_kwaya

Adapta ni ile ile iliyokuja nayo, dada, asante.

Fundi simu wa hapa mjini ameifanya. Alikuwa anacheka kwamba ni mara ya kwanza kuletewa tundu la chaji lisilo na simu. Njia za shaba zote zilikuwa salama, kipini kimoja tu ndicho kilikuwa kimepasuka kwenye solda, na anasema ndicho kilichokuwa kinaifanya ije na kupotea. Waya sasa umesimama imara.

Nimeirudisha bodi kwenye diski, nje ya kasha, juu ya meza ya mbao. Kabla sijawasha, kuna la kuzingatia?

mzee_wa_solda

Diski ilale bapa, isiguse chuma, upande wa bodi yake usikae juu ya zulia wala kitambaa. Umeme kwanza, isikilize ikizunguka mpaka sauti itulie, ndipo USB. Ikishawaka usiisogeze hata kwa kidole.

Windows ikikuuliza kufomati, kataa. Ikikuuliza kukagua na kurekebisha makosa, kataa pia, kwa sasa. Kurekebisha ni kuandika, na hatutaki kuandika chochote humo.

katibu_wa_kwaya

IMESOMA. CD ya SmartWare imetokea, sijawahi kufurahi kuiona kiasi hiki. Folda zote zipo. Nimefungua wimbo wa tatu, faili la sauti ya kwanza, tukakaa kimya sebuleni mpaka ukaisha.

Kuna karibu GB 600. Ninakili zote kwa mkupuo?

mzee_wa_solda

Hongereni.

Hapana, usinakili kwa mkupuo. Anza na vile visivyo na nakala popote: mafaili ya sauti moja moja. Video za harusi na semina zisubiri. USB 2.0 kwa hali halisi inakupa megabaiti 30 kwa sekunde hivi, kwa hiyo GB 600 ni karibu saa sita. Hakikisha LUKU ina yuniti za kutosha. Kumbuka laptopu ina betri lakini diski haina: umeme ukikatika laptopu itabaki inakutazama huku diski imezimika katikati ya kazi. Ukiweza kuazima UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), azima. Na elekeza feni ndogo kwenye diski, maana nje ya kasha au ndani, saa sita ni joto.

Likitokea faili moja linagoma na kasi inashuka hadi karibu na sifuri, usilazimishe. Liruke, endelea na mengine.

dada_wa_pengwini

Na yakigoma mengi, simamisha na uniite. Linux ina ddrescue, inanakili diski nzima kwenda faili moja la picha, inachukua kwanza sehemu nzima, halafu ndiyo inarudia sehemu ngumu. Ni afadhali kwa diski mgonjwa kuliko kunakili faili kwa faili. Ifanye kupitia bodi hiyo hiyo, ili ukipate kilichosimbuliwa.

Nakala ziwe mbili, katibu, kwenye diski mbili tofauti. Moja usiiweke kwenye kabati la usharika.

katibu_wa_kwaya

Hayajagoma. Sauti zote ziko kwenye laptopu yangu na kwenye diski ya yule kijana wa kuchanganya, video zinaendelea sasa hivi. Besi tunasikika, nimehakikisha.

Swali la mwisho kabla sijafunga kasha. Ule mpira uliolainika umekatika kabisa nilipougusa. Naweza kufunga na mitatu?

mzee_wa_solda

Na mitatu diski itakaa upande na kutetema, na bodi imechomekwa moja kwa moja kwenye diski, kwa hiyo mtetemo wote utaishia kwenye ile SATA nyembamba. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kizungushe kwenye ile skrubu fupi mpaka unene ulingane na mipira mingine. Usikaze kwa nguvu. Zile skrubu za ubavuni mwa diski ni za kipimo cha 6-32, ikipotea usiweke ya M3 ya kwenye laptopu, italegea au itaharibu uzi.

Rudisha utepe wa fedha, rudisha kipande cha taa, ingiza fremu kwa kunyooka mpaka usikie vishikizi vyote. Wakati wa kufunga huhitaji kadi.

katibu_wa_kwaya

Tyubu ipo, ya baiskeli ya mwinjilisti. Naikata sasa.